Wasomaji wa barua yangu ya kodi wamenyamaza, nimewakosea nini?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mhasibu. Nina ofisi ndogo Ilala, Dar es Salaam, na wasaidizi wawili. Wateja wetu ni watu wa biashara za kawaida: wenye maduka Kariakoo, wenye saluni, mafundi wa aluminiamu, stoo za vifaa vya ujenzi, shule moja ya chekechea. Miaka miwili na nusu iliyopita nilichoka kupigiwa simu tarehe 7 saa kumi jioni na mtu anauliza, "Dada, eti ile PAYE mwisho leo?" yaani kodi anayoikata kwenye mishahara ya wafanyakazi wake. Nikaamua kila Ijumaa niwaandikie barua pepe. Nilianza na watu 90, wateja na marafiki wao.

Nilikuwa naandika kama ninavyoongea. Wiki hii kuna kulipa nini, kinamhusu nani, na kosa gani nimekutana nalo kwenye hesabu za mtu, bila kumtaja. Walikuwa wananijibu, Mama, mpaka nashindwa kuwamaliza. Kuna mzee mmoja wa spea za pikipiki alinitumia picha ya risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za mwaka mzima, amezitandaza kitandani, nusu yake maandishi yameshafutika, zimebaki karatasi nyeupe tupu, anauliza afanyeje. Nilimjibu, kisha Ijumaa iliyofuata nikaandika barua nzima kuhusu kutoa kopi ya risiti mapema kabla hazijafutika. Barua ile watu waliisambaza hadi ikanirudia kutoka kwa mtu wa Mwanza nisiyemjua.

Basi nikatamani ikue. Mwaka jana kwenye Sabasaba nilipewa meza kwenye banda la rafiki yangu, nikakusanya kadi za biashara 430. Zote nikaziingiza kwenye orodha. Mwaka huu nikamlipa kijana mmoja mtaalamu wa kompyuta aipendezeshe barua, na toleo lake la kwanza likatoka Machi. Sasa ina nembo, ina bango la rangi juu, ina vipengele tisa: habari za uchumi, nukuu ya wiki, kodi, teknolojia, afya ya mfanyabiashara na vingine. Watu waliomo sasa ni 1,640.

Na hawasomi. Ripoti ya mfumo ninaoutumia inaonyesha kwamba zamani zaidi ya nusu walikuwa wanafungua. Siku hizi ni mmoja kati ya watano. Watu tisa wamelalamika kwamba natuma barua taka. Kila wiki kuna wanaojiondoa. Linaloniuma kuliko yote ni kwamba tangu Machi hakuna aliyenijibu. Hata mmoja. Aprili niliwauliza swali waziwazi, nikawaomba wanijibu, kimya. Kila Alhamisi nakesha kujaza vipengele tisa, asubuhi natuma, halafu ni kama nimetupa jiwe kisimani nisisikie hata mlio wa maji.

Mwenzangu mmoja anasema nitume kila siku ili wanizoee. Mwingine ananiuzia anwani 8,000 kwa laki mbili. Mume wangu anasema barua pepe imepitwa na wakati, nihamie kundi la WhatsApp. Nimekutumia matoleo matatu ya karibuni uyaone mwenyewe. Niambie ukweli, nimewachosha au nimewakosea?

Mhasibu wa Ilala


Marahaba mwanangu, na pole kwa mikesha.

Matoleo yako matatu yamenifikia na nimeyasoma yote. Lakini kabla sijasoma sana nilifanya jambo moja. Nilifungua toleo la kwanza, nikabonyeza kujibu, nikakuandikia swali. Mpwa wangu ana duka la rangi Mbagala, amesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na mwezi uliopita alifunga duka mwezi mzima kwa ajili ya msiba wa baba yake. Hakuuza hata kopo moja. Nikakuuliza kama bado anatakiwa kuwasilisha ritani, ile taarifa ya hesabu za kodi. Lilikuwa swali la kweli na nilitaka jibu. Kabla sijaiweka simu chini, barua yangu ikarudi na ujumbe kwamba anwani haipo.

Nenda ukaangalie anwani inayotuma barua zako. Inaanza na neno "usijibu". Ukimuuliza yule kijana aliyekuwekea bango, naamini atakwambia aliiweka mwezi huohuo wa Machi. Makampuni mengi hutuma hivyo, naye alidhani ndiyo heshima ya ofisi. Simlaumu. Lakini tangu siku hiyo kila msomaji aliyekujibu alirudishiwa barua yake. Swali la Aprili uliloomba wakujibu, walikujibu. Walioandika wakarudishiwa, na wengi wao bila shaka walisema moyoni, kumbe dada naye siku hizi hataki kusumbuliwa.

Nakuomba utulie hapo, kwa sababu umeniuliza kama umewachosha au umewakosea, na mimi naona jambo la tatu. Hawakunyamaza. Wewe ndiye uliyefunga mlango huku unawaita waingie. Mtu aliyethubutu kukupigia picha risiti zake juu ya kitanda chake ni mtu aliyekuamini sana. Watu wa namna hiyo hawatoweki ghafla ndani ya mwezi mmoja. Leo hii, kabla hujagusa kitu kingine chochote, rudisha anwani yenye jina lako, inayofunguka kwenye simu yako. Hata mifumo ya Gmail na wenzake huangalia watu wanafanya nini na barua zako: wanazijibu, wanazifuta bila kufungua, wanazitupa kwenye taka. Barua inayojibiwa hujulikana kuwa barua inayotakiwa.

Sasa nikuonyeshe nilichokiona mimi kwenye simu, maana naona wewe huandika na kuangalia kwenye kompyuta ya ofisini. Simu yangu ni ya kawaida, na bando nimelipima. Kwenye orodha ya barua, kabla ya kufungua, yako ilionekana hivi. Jina la mtumaji: "Info". Kichwa cha barua: "JARIDA LETU TOLEO LA 118". Na ule mstari mwepesi wa chini yake, ambao humwonjesha mtu yaliyomo: "Kama huoni picha hii bofya hapa". Basi. Hapo pana nini cha kumfanya mwenye duka aache wateja wawili waliosimama mbele yake? Simwoni dada wa Ilala hapo, sioni PAYE, sioni tarehe. Nikafungua, nikakuta boksi la kijivu ambalo picha yake haikushuka. Nikasogeza, nikasogeza tena, nukuu ya wiki, habari za bei ya mafuta duniani, na kodi ikaja ya nne. Na toleo lenyewe, lile linalokumbusha PAYE, lilitumwa tarehe 8.

Mwanangu, tarehe 8! Mtu alishalipa, au alishachelewa na adhabu imeanza kumhesabia.

Kuna jambo la chini zaidi ambalo hukuliona. Gmail hukata barua ikizidi kilobaiti 102 za maandishi na msimbo wake, yaani maagizo ya kompyuta yanayoipanga barua, kisha huweka kiungo cha kuona iliyobaki. Yako ilikatwa. Siyo kwamba umeandika maneno mengi kiasi hicho. Inaonekana vipengele unavinakili kutoka kwenye Word, na Word huja na mzigo wa msimbo usioonekana. Kilichokatwa ni sehemu ya mwisho, na mwisho ndiko kilipo kiungo cha kujiondoa. Fikiria sasa mtu aliyechoka, anatafuta pa kutokea, hapaoni. Atabonyeza kitufe kilicho karibu naye, nacho ni kile cha barua taka. Katika wale tisa wako naamini wamo waliotaka tu kuondoka kwa amani. Andika maandishi matupu, na kiungo cha kujiondoa kiwe kwenye mstari wa pili au wa tatu, si mwisho tu. Usiogope wanaoondoka. Anayejiondoa hakuharibii jina, anayekushtaki ndiye hukuharibia.

Na hao tisa usiwachukulie kidogo. Malalamiko unayoyaona kwenye ripoti ni ya wenye Yahoo, Outlook na mifumo kama hiyo. Gmail haimpi mtumaji taarifa ya mlalamikaji mmoja mmoja, kwa hiyo wapo ambao huwaoni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo waliweka wazi masharti kwa wanaotuma barua nyingi: malalamiko yasifike asilimia 0.3, na vizuri yabaki chini ya 0.1. Ukipiga hesabu kwa watu 1,640, asilimia 0.3 ni watu watano. Masharti makali kabisa ya Gmail ni kwa wanaotuma kuanzia barua 5,000 kwa siku, wewe hujafika huko, lakini kipimo kinachoamua barua yako iende kikashani au kwenye taka hakichagui mkubwa na mdogo. Kwa hiyo mwambie yule kijana, au aliyekuuzia nafasi ya tovuti, akuwekee rekodi tatu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC. Ni uthibitisho kwamba barua inayodai kutoka kwako imetoka kwako kweli. Ni kazi ya mchana mmoja.

Hizo namba za waliofungua nazo zisikunyime usingizi, kwa sababu haziko sawa. Mfumo wako humhesabu mtu amefungua pale kijipicha cha nukta moja kisichoonekana kinaposhuka kwenye simu yake. Aliyezima picha ili kuokoa bando anaweza kusoma barua yote asihesabiwe. Upande wa pili, tangu Septemba 2021 Apple waliweka kinga ya faragha kwenye programu yao ya barua, na kwa aliyeiwasha picha hupakuliwa na mitambo ya Apple hata kama mwenyewe hajaigusa barua. Wa kwanza amesoma hakuhesabiwa, wa pili kahesabiwa hajasoma. Wewe hesabu majibu. Hesabu waliobofya kiungo. Hesabu barua iliyokurudia kutoka Mwanza, maana ile haikuwa namba, alikuwa mtu kamtumia mtu.

Nije kwenye Sabasaba, na hapa ndipo nitakapokuwa mkali kidogo. Zile kadi 430 watu walikupa ili uwapigie simu kama una kazi nao. Hawakukupa ili uwaandikie kila Ijumaa. Nakuelewa, nimewahi kusimama kwenye banda na boksi la kadi, ukirudi nyumbani unaliona kama mavuno. Lakini naamini wengi wa wageni hao wamo kati ya wasiofungua, na naona ndio wengi wa wanaolalamika. Isitoshe, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na msingi wake mmojawapo ni kwamba taarifa ya mtu itumike kwa lengo alilokupea. Mhasibu ni mtu wa sheria. Usiwe wewe unayekumbusha watu sheria ya kodi huku umeikanyaga nyingine.

Waandikie hao 430 barua moja tu, fupi, isiyo na bango. Sema mlikutana Sabasaba, sema uliwaingiza bila kuwauliza na unaomba radhi, sema barua yako inakumbusha nini na mara ngapi, kisha weka kiungo kimoja: "Ndiyo, niendelee kuipata." Asiyebofya ndani ya wiki mbili, mtoe. Wakibaki 40, hao 40 ni wako. Fanya vivyo hivyo kwa wengine ambao kwa miezi sita hawajabofya wala kujibu, ukikumbuka kwamba majibu ya tangu Machi hukuyapata, kwa hiyo wape nafasi kwanza. Katika orodha yako kuna pia anwani zilizokufa. Watu huhama kazi na anwani ya kampuni ikafungwa, na tangu Desemba 2023 Google huondoa akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Kila anwani iliyokufa unayoendelea kuiandikia inakuchafulia jina.

Zile 8,000 za laki mbili sina hata maneno ya kuzitosha. Usinunue.

Orodha itapungua, na itakuuma. Mimi niliwaandikia wafugaji wa kuku kwa miaka mingi, na mwaka nilioisafisha orodha yangu nilibaki na chini ya nusu. Nililala vibaya siku mbili. Lakini barua iliyofuata ilikuwa ya chanjo ya kideri, niliituma siku kumi kabla ya muda wa kurudia chanjo, na majibu niliyopata yalikuwa mengi kuliko ya miezi mitatu ya nyuma ikiunganishwa. Ndipo nilipojifunza kwamba mfugaji hasubiri barua ya Ijumaa, anasubiri barua ya chanjo. Kalenda yake ni ya kuku.

Wako nao wana kalenda yao, na wewe ndiye unayeijua kuliko wao. Tarehe 7 kuna PAYE na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri. Tarehe 20 kuna ritani ya VAT. Kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, kuna awamu za kodi ya mapato mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na Juni 30 kuna ritani ya mwaka. Katikati ya Juni bajeti inasomwa Dodoma, na Julai 1 Sheria ya Fedha mpya inaanza kazi. Kwa nini basi utumwe na Ijumaa? Ijumaa haina maana yoyote kwa mwenye duka. Tuma tarehe 3, mtu apate siku za kujiandaa. Tuma tarehe 15 au 16 kwa ajili ya VAT. Mwisho wa robo mwaka ongeza moja. Wiki ya bajeti tuma hata mbili, siku ile ya hotuba na siku mbili baadaye ukishatulia na kuielewa, kwa sababu wiki hiyo kila mfanyabiashara anamtafuta mtu wa kumwambia, hiki kinakuhusu, kile hakikuhusu. Miezi mingine kukiwa hakuna jipya, nyamaza. Anayetuma kila siku ili azoeleke, huzoeleka kweli, mpaka haonekani tena.

Halafu uliza jambo moja ambalo naona hujawahi kuuliza: nani amesajiliwa VAT na nani bado? Mtu anapojiandikisha, mtumie palepale barua ya kumkaribisha, isisubiri tarehe, na ndani yake maswali mawili tu: umesajiliwa VAT? Una wafanyakazi wangapi? Mfumo unaoutumia, kama mifumo mingi ya siku hizi, utakuruhusu kuwapanga kwa makundi. Mwenye saluni asiye na VAT hatapokea tena barua ya tarehe 16, na ile ya tarehe 3 ikimfika atajua inamhusu. Naamini sehemu kubwa ya kuchoka kwao ni hapo. Kusoma barua nne zisizokuhusu ili uifikie moja inayokuhusu ni kazi, na hawa ni watu wenye kazi.

Vipengele tisa viondoe. Usivipunguze, viondoe. Habari za uchumi wanazisikia redioni, nukuu za wiki wanatumiwa na shemeji zao kila asubuhi. Hakuna mwingine anayeweza kuwaandikia ile barua ya risiti zilizofutika, kwa sababu ni wewe uliyetumiwa picha ile. Rudi hapo. Barua yako ya tarehe 3 ijayo ingeweza kuonekana hivi kwenye simu. Mtumaji: jina lako la kwanza, kisha "mhasibu". Kichwa: "PAYE ni Jumanne. Umeajiri mtu wa 10?" Na ndani:

"Habari za kazi. Tarehe 7 mwezi huu ni Jumanne, ndiyo mwisho wa PAYE. Usisubiri siku yenyewe, foleni ya mtandao unaijua. Jambo la pili: wiki hii nimekaa na mwenye karakana aliyeongeza vijana wawili, akawa na wafanyakazi 11. Hakujua kwamba ukifikisha 10 SDL inakuhusu. Wahesabu wa kwako leo, ukiwaweka na wa stoo. Ukipata utata, jibu barua hii, inanifikia mimi mwenyewe."

Hiyo yote inasomeka mtu akiwa amesimama kwenye kituo cha mwendokasi. Haina picha, haina bango, bando haliguswi. Na kwa kuwa inafanana na barua ya mtu kwa mtu, kuna nafasi nzuri zaidi isipelekwe kwenye kile kichupo cha Matangazo ambacho Gmail wanacho tangu 2013 na ambacho wengi hawakifungui. Iandike ukimfikiria yule mzee wa spea. Ukifika mahali ukaona neno ambalo usingemwambia mzee yule usoni, lifute.

Kuhusu WhatsApp, mwambie mume wako ana hoja nusu. Kwa kukumbusha ni nzuri, na ukitaka kutuma mstari mmoja asubuhi ya tarehe 6 kwa wanaotaka, tuma kwa orodha ya matangazo, wasionane namba. Ila kundi hapana. Kwenye kundi la watu 200 nani atauliza, "Dada, nadaiwa kodi ya miaka mitatu, nianzie wapi?" Atauliza kwenye barua, peke yake, usiku. Na barua ya Machi mtu anaweza kuitafuta Juni kwa neno moja akaipata, wakati kwenye kundi imeshazikwa chini ya salamu na picha za maua. Watu wa hesabu wanahitaji mahali pa kurudi.

Sasa barua ya kwanza baada ya haya yote. Usijifanye hakuna kilichotokea. Waambie: tangu Machi, waliojibu barua hii majibu yao hayakunifikia, kosa ni langu, naomba radhi, anwani sasa inafanya kazi, kama uliniuliza kitu tafadhali niulize tena. Usiongeze lingine lolote siku hiyo. Uwe na nafasi ya siku mbili za kujibu, maana nadhani yatakuja mengi kuliko unavyotegemea, na mengine yatakuwa na hasira kidogo. Yajibu yote. Swali litakalojirudia kwa watu watatu, hilo ndilo barua yako inayofuata, hutakesha tena Alhamisi kutafuta la kuandika.

Ukishaweka anwani, nijulishe. Nitalituma tena swali langu la duka la rangi lililofungwa mwezi mzima. Mpwa wangu bado anasubiri, na tarehe 20 inakaribia.